Kinyozi wa Wagonjwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wapwa zangu. Natumaini kifua cha yule mdogo kimetulia na mnapata usingizi. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila nimechoka uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Habari za Mama nimeziweka chini kabisa. Tafadhali usiruke mistari, soma polepole kama ninavyoandika.

Nilikwambia kwamba kanisani tulikubaliana kuwatumikia majirani kwa kazi za mikono, wawe wa kwetu au wasiwe. Mchungaji alisema mtaa huu umeshahubiriwa vya kutosha, sasa twende tukaufulie. Seremala akapewa vitanda vilivyovunjika, akina mama wakachukua kufua na kupika. Mimi nikauliza kinyozi atamfaa nani. Aliyenijibu ni Mama, mbele ya watu wote, kwamba mgonjwa naye ana uso, na ndevu haziachi kuota eti kwa sababu mtu anaumwa. Watu wakacheka, nami nikawa nimeshapangiwa kazi. Unamjua Mama.

Basi kila nikifunga kibanda natia mashine, mkasi, spiriti na taulo safi kwenye begi, nazunguka. Kumnyoa mtu aliyelala si sawa na kumnyoa wa kwenye kiti. Unapiga magoti kando ya kitanda, unamwinua shingo kwa mkono mmoja, unasubiri amalize kukohoa, unaanza upya. Mgongo umekufa ganzi. Lakini ukimaliza na kumshikia kioo, mtu anajipapasa mashavu kama amekutana na ndugu yake. Hapo moyo wangu ulikuwa unajaa kweli, nikajiambia hili ndilo hubiri langu.

Tatizo ni kwamba wananiita wakiwa wamechelewa. Mgonjwa akiwa bado na nguvu, wanasema atanyolewa akipona. Akishakuwa hoi ndipo wanakuja mbio, baba wa watu asionekane ovyo mbele ya wageni. Namnyoa leo, kesho yake nasikia kilio. Ikatokea hivyo mara nyingi mno. Mtaa ukanong'ona, halafu ukaacha kunong'ona ukasema waziwazi kwamba kinyozi wa kanisa akiingia kwako, anzeni kutafuta viti vya msiba. Mwanzoni nilicheka nao. Sasa nikipita na begi, watoto wanaitwa ndani. Mzee mmoja mwenye homa ya kawaida tu alijifunika shuka gubigubi, akaapa kuwa yeye hajafikia hatua hiyo. Mashemasi nao wakanishauri nipumzike kidogo, huduma isije ikafukuza watu badala ya kuwavuta. Nilikubali haraka kuliko walivyotegemea.

Aliyenirudisha ni jirani yetu dereva wa lori, yule aliyekuwa akitutukana kila tukiimba. Ini lilikuwa limemmaliza. Alituma mtu aniite, nikatoa visingizio, akatuma tena. Nilipofika aliniambia kuwa anajua vizuri kinachosemwa na ndiyo sababu ameniita. Wengine wote wanakuja kumdanganya kwamba atapona, begi langu halidanganyi. Akataka nimnyoe vizuri, maana anakwenda kuonana na mwenye nyumba na yeye amekuwa mpangaji msumbufu. Tulicheka mpaka nikaogopa kumkata. Nilipomaliza aliomba, kwa kinywa chake mwenyewe, nimwombee. Tulimzika wiki iliyopita. Sijui kama hayo ndiyo mavuno ambayo Mchungaji huyasema. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni, hata nguvu za kuvivua sikuwa nazo.

Sasa Mama. Nisamehe, dada, nimekuficha, na yeye ndiye aliyenikataza kusema. Ugonjwa aliokwambia ni vidonda vya tumbo si vidonda. Daktari anasema ni uvimbe, umeshasambaa na hawatampasua. Amekonda sana. Alisema una watoto wadogo, usitiwe wasiwasi bure. Nikatii.

Lakini Jumapili nilipokuwa nikimnywesha chai, alisema niende na begi langu kwake. Nywele zake, zile alizokuwa haruhusu hata wewe uziguse, anataka nizinyoe. Alidai kichwa kinamwasha, akatazama ukutani. Dada, anajua mtaa unasema nini. Yeye ndiye aliyekuwa akiucheka huo utani kuliko wote. Na anajua kwamba nimemwelewa. Tukabaki tunazungumzia chai, kama imekolea sukari au haijakolea.

Nikamwambia mashine imeharibika. Si kweli, ni nzima, nimeifunga kwenye taulo nikaiweka juu ya kabati. Akasema sawa, atasubiri. Sasa kila asubuhi ananiuliza fundi amefikia wapi, nami namjibu kwamba kuna kifaa bado hakijapatikana. Ananitazama tu, hanibishii. Siwezi kuendelea hivi, kwa maana kichwa kinamwasha kweli, nami nimepiga magoti kuwanyoa watu baki wa mtaa mzima, yeye namnyima. Njoo, dada. Njoo kabla sijaitengeneza hiyo mashine.

Nisalimie shemeji, wabusu wapwa zangu. Kutoka kwa Mama sina salamu za kukupa, kwa sababu hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi