Barafu ya Goma

Jumanne, Mbugangari.

Na bado eti kosa ni langu! Programu yangu inatafuta jina "Barafu" kwenye Excel, kisha inakokotoa fomula yake: barafu kiasi gani iagizwe kwa mzigo wa samaki. Jina hilo lipo kwenye shiti mbili, ya mzigo wa kuvuka mpaka kwenda Gisenyi na ya wa hapa Goma, na programu inachukua iliyo wazi. Nimemwambia patron wetu wa samaki mara ngapi afungue ya Gisenyi?

Leo ameacha ya Goma wazi, yenye mzigo mdogo, akabonyeza. Barafu ikaja kidogo, sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, zikaoza kabla ya kuvuka. Wamama wanaouza samaki pale mpakani, Petite Barrière, wakanitukana mimi.

"Shida iko mu programu yako," patron akasema, chai mkononi.

Bon. Nimeifunga programu isome shiti ya Gisenyi tu, hata ipi iwe wazi. Ila akibonyeza, itamuuliza: "Patron, uko na hakika?"

Ajibu atakavyo. Jibu lake halisomwi.