Mama, Faili Zako Hazina Ukoo

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa ile kompyuta yako ya pembeni, hapa saiba ninapofanyia kazi, Kawangware, ile ambayo herufi "a" haitoki mpaka uigonge kwa hasira. Siku za Jumatatu simruhusu mtu kuikalia. Mteja akiuliza, namwambia imeharibika. Nawadanganya, mama. Nimeshindwa tu kumpa mtu kiti chako.

Unakumbuka Jumatatu ya kwanza? Ulifunga kibanda chako cha mboga Kambi Muru, ukatembea kutoka Kibera mpaka huku, flashi ya faili zako umeifunga kwenye leso pamoja na kipande cha tangawizi. Kwaya ilikuwa imekuchagua uwe katibu. "Nifundishe hii kitu," ulisema, "na usinicheke." Nilicheka. Ukanipiga kofi la mgongo, kisha ukacheka kunishinda.

Nikakuonyesha kwamba kila faili ina jina, halafu nukta, halafu herufi chache za mwisho. Ukaniuliza, "Sasa hizo za mwisho ni za nini, na jina liko?" Nikakueleza kwamba ndizo zinazoiambia kompyuta ifungue faili kwa programu gani. Ikiona .docx inajua ni maandishi, ikiona .jpg inajua ni picha, .mp3 ni wimbo. Uso wako ukabaki vilevile. Nikatafuta mfano wa nyumbani, nikasema, "Ni kama jina la ukoo, mama. Likitajwa tu, watu wanajua huyu ni wa kwa nani." Hapo ukaacha kuuliza. Nilidhani somo limeingia.

Siku hiyohiyo kijana mmoja alikuja analalamika. "Niaje madam, hii CV yangu imekataa kufunguka, na nimeichange ikuwe pdf." Alikuwa amefuta .docx akaandika .pdf kwa mkono wake, basi. Kabla sijamjibu, ukamgeukia. "Kijana, hata ukijiita Njoroge leo, mama yako bado anajua alizaa nani." Saiba nzima ilivunjika mbavu. Nami nilijivuna, maana ulikuwa umelieleza jambo lile vizuri kuliko mimi mwalimu: kubadilisha mwisho wa jina hakubadilishi kilichomo ndani.

Jumatatu iliyofuata ulileta flashi yako, nami nikashika kichwa. Faili zote hazikuwa na mwisho. Mkutano. Picha ya Pasaka. Wimbo wa Sadaka. Jumatatu iliyotangulia, nikihudumia wateja, kompyuta hii ilikuwa imekuonya kila mara kwamba faili huenda isifunguke tena, nawe kila mara ukabonyeza ndiyo.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeziondolea ukoo," ulisema kwa sauti ya chini. "Ni za kwaya."

Nikakumbuka. Nilikuwa mdogo ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, lakini nakumbuka wanaume wakipita mlango kwa mlango wakiuliza majina yote, na jina la mwisho, lililotaja kabila, ndilo lililoamua nyumba gani itachomwa. Nakumbuka Mama Samueli na mtoto wake chini ya kitanda chetu, nawe umesimama mlangoni umeshika mwiko, unawaambia wale watu hapa kuna wewe na mimi tu. Yalipotulia, nyinyi wanawake wa kwaya mkapatana kwamba hakuna atakayeuliza wala kuandika jina la mwisho la mwenzake. Mkawa Mama Lidia, Mama Samueli, Mama Debora, mpaka leo.

Siku ile nilikurudishia miisho yote, nikakufundisha upya. Uliitikia kwa kichwa. Nikigeukia wateja ukaendelea kuifuta, na baada ya muda nikakuacha. Hakuna kitakachopotea, nilijiambia, maana mwenyewe yupo, nitamuuliza.

Sasa hupo. Tulikuzika ushago, kijijini kwetu, na msalabani waliandika majina yako yote, la baba yako na la ukoo. Mama Samueli aliinama akayasoma polepole. "Kumbe ndivyo alivyoitwa," akasema. Miaka yote hiyo mlikula sahani moja. Alikaa chini kwenye udongo mbichi na gauni lake la kwaya akalia mpaka nikamshika mkono.

Jumapili hii wanakufanyia ibada ya kumbukumbu, na wanataka wimbo uliokuwa ukiutunga kabla hujalazwa. Hakuna anayeujua wote. Uliurekodi kwa simu, na simu yako ilikufa kabla yako. Imebaki flashi, ambayo Jumatatu ya mwisho uliihamishia rekodi zako mwenyewe, mimi nina wateja. Nimekaa nayo siku nyingi, mama, nikiogopa kuichomeka, kwa sababu wimbo usipokuwemo basi sauti yako imekwisha duniani.

Leo asubuhi niliichomeka. Faili zako zilinitazama kama karatasi tupu. Moja iliitwa Mpya. Nilipoangalia uzito wake, ilikuwa nzito mno kwa maandishi. Nikaipa .mp3, ikagoma. Nikakumbuka simu yako ilivyokuwa ikirekodi, nikaipa .m4a. Kwanza nikasikia mvua juu ya mabati. Kisha ukakohoa. Kisha ukaimba, mama, beti zote, ukijipigia makofi mwenyewe.

Wimbo nimeshaupeleka kwa Mama Samueli. Na kuna jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Kompyuta inaweza kuificha miisho yote bila kuifuta. Kwa kawaida huificha. Mimi ndiye niliyeamuru ionekane ili nikufundishe. Leo nimezipa faili zako zote miisho yake, halafu nimeificha. Kwenye skrini yanaonekana majina tu, kama ulivyotaka, na faili zinafunguka. Natamani ungeziona.

Nimekukosa vibaya. Natengeneza chai ya watu wawili bila kujua, na hiyo tangawizi siku hizi nainunua kwa mtu nisiyemjua. Lala, mama, miguu yako ilitembea ya kutosha.

Ila sikusema yaliyo baada ya wimbo. Mvua iliendelea kusikika, nawe ukaanza kuhangaika na simu. "Imeshika? Sasa hii inazimwa wapi? Ai. Wacha, Jumatatu nitauliza Lidia."

Ni kile kitufe chekundu, mama, cha chini kabisa. Unakigusa mara moja tu.

Binti yako, ambaye uliitwa kwa jina lake,
Lidia