Leso Niliyomfunika Mama Furaha

Jumamosi, Nunguni

Na pasta akanishukuru mbele ya kanisa lote. Mimi!

Leo tulionyesha ile filamu fupi ya watu waliokimbia vita Kongo, ili tuwachangie. Mama Furaha, aliyetoroka Goma, ndiye alikuwa mgeni wetu wa kuongea. Akafika na kitenge cha njano kimeshonwa vizuri, kilemba juu, hereni zinang'aa. Alitushinda sisi wote kupendeza.

Nikamvuta nyuma ya jikoni. "Mama, ukisimama hivi watu watasema hauna shida. Hawatatoa kitu." Nikampa leso yangu ya kupikia, ile imepauka, ajifunike.

Akajifunika nayo. Halafu akatoa hereni mwenyewe, na hata hizo sikuwa nimezitaja.

Filamu ikaisha, watu wanapangusa machozi, akaitwa mbele. Mke wa pasta akamuuliza, "Mbona umeficha kitenge kizuri hivyo?"

Nilitamani sakafu inimeze.

"Huyu dada aliona nasikia baridi," Mama Furaha akajibu. "Akanipa leso yake."

Pasta akasema huo ndio upendo, nisimame nionekane. Nikasimama. Nikapigiwa makofi, na Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Tukipanga viti Mama Furaha akanirudishia leso, ameikunja vizuri. Nilitaka kumwambia pole, lakini nikainua kiti kingine.

Akaniuliza polepole, watu wasisikie: "Dada, sasa naweza kuvaa hereni zangu?"