Mtoto wa Gunzi

Mtoni, Temeke

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo inakuja, usinune. Acha kwanza nikwambie alichofanya mjukuu wako sasa hivi. Nimekaa mkekani, kalamu mkononi, sijaandika hata neno, Shani kaingia ananyata. Mgongoni kajifunga gunzi la mahindi kwa kitambaa changu cha kichwa. Gunzi lenyewe limeungua kichwa. Kaniwekea kidole mdomoni, kasema, "Mama, usikohoe, mwanangu kalala." Halafu kanitazama tumbo, kaninong'oneza, "Na huyo wa kwako mwambie asirushe miguu." Akatoka zake taratibu, kama mzazi aliyetoka ndani juzi.

Basi shikamoo, Mama. Mguu unaendeleaje? Baba bado anachonga vinyago, au macho yamemkatalia? Na mikorosho, imetoa maua? Sie hatujambo. Tumbo kubwa, miguu inajaa jioni, lakini nesi kasema mtoto kakaa vizuri. Baba Shani anaendelea na kazi yake ya kuchomelea mageti, anarudi na mikono myeusi na vichekesho vyake vilevile. Barua hii anakuletea Mjomba, kesho anapanda basi la Newala. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu unaongea peke yako, mie nabaki "ndiyo Mama, ndiyo Mama," mpaka unakata. Na wewe mdogo wangu Hamisi unayemsomea, soma polepole, usiruke sehemu zinazokuchekesha.

Ile "ndiyo Mama" yangu ya mwisho ndiyo imeninyima raha. Ulisema nikikaribia kujifungua utakuja umchukue Shani, ukae naye huko mpaka mdogo wake aache ziwa. Najua ndivyo tunavyofanyaga kwetu. Hata mie nilipelekwa kwa Bibi alipozaliwa huyu huyu Hamisi. Lakini uliongeza, "Huko mjini mtoto anacheza na nini? Na ukuta?" Neno hilo liliniingia, Mama, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Tangu tuhamie hapa kutoka Kimara, Shani alikuwa mtoto wa mlangoni. Wenzake uani wanaruka kamba, yeye kasimama kwenye pazia, kidole kinywani. Rehema, binti wa chumba cha pili, ndiye kiongozi wao, akampa jina "Shani Pazia". Mwanasesere anaye, yule mwenye nywele za dhahabu aliyenunuliwa na baba yake, lakini si nilimweka juu ya kabati na nailoni yake, pembeni ya maua ya plastiki! Nikamshusha sikukuu ya Idi, akashikwa kidogo, akarudi juu. Niliogopa atachafuka. Sasa mtoto atachezaje na kitu anachokitazama kama picha ya ukutani?

Siku moja nilikuwa namsaidia Bi Mwantumu, mama mwenye nyumba wetu, anauza mahindi ya kuchemsha hapo nje. Magunzi yanayobaki anayaanika, anawashia jiko. Nikaokota moja, nikakukumbuka ulivyokuwa unanitengenezea mtoto wa gunzi. Unapasha msumari moto, unatoboa macho mawili, moshi unanukia mahindi ya kuchoma. Nywele unatia ndevu za mahindi. Ukachana kipande cha kanga yako iliyochakaa, ukanionyesha fundo linavyokaa kifuani. Baba naye akanichongea kinu kwa kipande cha mpingo kilichobaki, kidogo kama kikombe cha kahawa, na mchi wake. Nilikuwaga natwanga mchanga mpaka jioni, nakuletea "ugali", unajifanya unakula, unasema, "Mtamu, ila umeupika mbichi." Na Hamisi alipokua kidogo, na gari lake la kopo la samaki, magurudumu ya kandambili, kila siku anaigonga nyumba yangu anasema breki zimekataa!

Basi nikamtengenezea Shani. Kaligeuza huku na huku, kaniuliza, "Mama, hii si taka?" Akaliacha kwenye ngazi.

Asubuhi yake Bi Mwantumu anafagia uani, kalikuta. Na kwake yeye gunzi ni gunzi, kalitia jikoni pamoja na wenzake. Mama, kelele aliyopiga Shani! Vyumba vyote vilimwaga watu. Jirani mmoja katoka bafuni na povu kichwani, "Nani kaungua? Nani?" Shani analia, anaonyesha jiko. Bi Mwantumu kaingiza mkono motoni, kalichomoa, kalizima kwa pindo la kanga. Nusu ya kichwa imekwenda.

"Jamani!" anasema. "Mie nimezaliwa Mtoni, nimezeekea Mtoni, leo ndiyo naitwa muuaji!"

"Mpe pole basi mwenye mtoto," akasema yule wa povu.

Na Bi Mwantumu, mtu mzima yule, akapiga magoti mbele ya Shani, akamkabidhi gunzi kwa mikono miwili. "Mama mzazi, nisamehe. Nitakupa mwingine, mnene kuliko huyu."

Shani akafuta makamasi. "Simtaki mwingine. Huyu ndiye wangu. Anaumwa."

Rehema akasogea, akachungulia kichwa. "Tumpake dawa ya meno. Mie niliungua na chai nikapakwa." Wakakaa chini wote wawili, wakampaka mpaka akawa mweupe kama mzungu.

Tangu siku hiyo uani kumejaa akina mama. Bi Mwantumu katoa ndoo nzima ya magunzi, fundi cherehani wa nyumba ya mbele kaleta vipande vya vitenge, mie ndiye mtoboa macho. Wanabeba, wananyonyesha, wanasutana: "Mwanao mchafu, usimlaze na wangu!" Na Bi Mwantumu akitaka kuwasha jiko anauliza kwanza kwa sauti, "Hili lina mwenyewe?"

Jana nikamuuliza Shani, "Ukienda kwa Bibi, huyu nikutunzie mie?" Akanishangaa. "Mama, mgonjwa unamwacha?" Halafu akasema, "Na mdogo wangu akizaliwa si tutabeba wote? Wewe wako, mie wangu."

Hapo nikakumbuka safari yangu ya kwa Bibi. Sikulaumu, Mama. Bibi alinipenda, nilinenepa. Lakini gunzi langu nililikumbatia njia nzima, na kila asubuhi nilikuwa naliuliza, "Mama anakuja lini?" Hilo sijawahi kukwambia. Nikajifunza kwa gunzi hilo kubeba mtoto, nijiandae kumbeba Hamisi, na niliporudi nikamkuta Hamisi anatembea, hataki mgongo wangu, ananikimbia kama mgeni. Unacheka hapo, Hamisi, najua. Mie sikucheka.

Kwa hiyo jibu langu la kweli, lile lililokwama kwenye simu, ni hili: usije kumchukua, Mama. Njoo ukae naye hapa. Chumba tutakigawa kwa pazia, na Bi Mwantumu kasema ana kitanda cha kamba hakina mtu. Utanikanda kwa maji ya moto, utamwogesha mtoto, na Shani atakuwa pembeni yako anamwogesha wa kwake. Njoo na korosho mbichi kidogo, zile tulizokuwa tunazipanga mstari tunazilenga, watoto wa hapa hawaujui mchezo huo. Na kile kinu kama bado kipo, Baba asimpe mtu.

Yule mwanasesere wa kabatini nimeshamshusha na nailoni nimeitoa. Shani kamfanya nesi.

Msalimie Baba, mwambie mjukuu wake anahitaji mchi wa mkono mdogo. Msalimie Shangazi msuka mikeka, na Mama Mdogo anayelea wale mapacha wake, mwambie nguvu za mgongo namwombea. Baba Shani anakuamkia.

Ni mie mwanao, Somoe.

Mama, nilisahau la jina. Tumekubaliana na Baba Shani kwamba mtoto akiwa wa kike tutamwita... Haya, naitwa huko nje. "Mama! Njoo unishikie mwanangu, zamu yangu ya kamba imefika!" Na wenzake wanapiga makofi, "Shani! Shani!", hakuna anayesema Pazia. Ngoja nikampokee mgonjwa, Mama, mwenyewe keshaingia kwenye kamba, anaruka. Jina utalisikia ukifika.