Chokaa Juu ya Hesabu

Mambrui,
7 Oktoba 1984

Dada yangu Mahfudha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo dada. Nitakalokwambia humu sijamwambia mtu, hata mama hajui, basi barua hii isome peke yako. Natumai itakukuta u mzima huko Lamu, na mtoto kikohozi kimemwacha. Sisi twashukuru. Baba miguu yamsumbua lakini dukani haachi kwenda. Leso zako za pongezi zimefika. Mama alizikunjua mbele ya wageni, wote wakasema nina bahati. Nakuandikia kwa ajili ya hiyo bahati.

Mwezi wa Mei, Mwalimu Zipporah anayetufundisha hesabu aliniazima kitabu cha maisha ya wanahisabati. Aliniambia nianze penye picha ya mwanamke, sitampata mwingine humo. Alikuwa Mrusi wa karne iliyopita, jina lake Sofia Kovalevskaya. Alipokuwa mdogo karatasi za kupambia kuta za nyumba yao hazikutosha, chumba cha watoto kikabandikwa karatasi kuukuu za masomo ya hisabati ya baba yake. Mtoto akawa anasimama mbele ya ukuta kutazama alama asizozijua. Nilipoyasoma hayo nilichukua makaa jikoni nikaanza kuandika hesabu zangu ukutani chumbani mwetu, upande uliokuwa ukilala wewe. Mama alisema chumba kitafanana na jiko, lakini akaniacha, maana hakuna mgeni aingiaye mle.

Kwao Sofia chuo kikuu hakikupokea wanawake, na msichana hakuweza kwenda nchi za nje bila ruhusa ya baba au ya mume. Basi akapatana na kijana mmoja msomi waoane kwa jina tu, apate kutoka. Akaolewa, akaenda Ujerumani. Berlin walimkataa darasani, mwalimu mkubwa akamfundisha kwake, mpaka akapata shahada ya udaktari. Baadaye alipewa tuzo Paris kwa kueleza namna kitu kizito kinavyozunguka kikiwa kimeshikwa mahali pamoja tu. Nilikumbuka zile pia za mti tulizokuwa tukizungusha kwa uzi uani, ile yako yenye uzito upande mmoja iliyokuwa ikiyumba na isianguke. Kumbe kuyumba kule kuna hesabu yake, na mwanamke ndiye aliyeipata.

Wakati huo Bwana Mbaruk wa Malindi, yule mwenye ghala la nazi, alikuwa ameshaleta maneno ya posa kwa baba. Nilimwambia baba kuwa Mwalimu anaona naweza kupata kidato cha tano Mombasa, kwenye bweni. Hakunikaripia. Alisema mwana wa kike asiyeolewa hendi kulala Mombasa kwa watu, ila akishaolewa shauri ni la mumewe, akitaka na ampeleke hata Ulaya. Baba alikuwa akitania. Mimi nilikwenda na neno lile shule, nikarudi nalo.

Unanijua nilivyo, kuagiza chumvi dukani tu natetemeka. Lakini nilimwendea Mahadhi, mtoto wa ami, siku moja alipokuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake barazani kwao. Nilijua kuwa yeye akiposa, mtu wa mbali hatasikizwa tena. Nilimweleza habari za Sofia tangu mwanzo, macho yangu chini. Nikamwomba anioe kwa jina, anipe ruhusa ya kusoma, na baadaye aniache aoe amtakaye. Aliniuliza kama yule Mrusi alijua kupika. Nikamjibu kuwa kitabu hakisemi. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Haya binti ami, tutakuwa Warusi." Niliona tumepatana.

Akaposa, baba akaridhia. Nikaha ilisomwa Agosti, na kuingia kwake ndani kukawekwa mpaka nimalize mtihani. Hukuwahi kuja kwa sababu ya mtoto, basi hukuona jambo hili. Baba alipokuja mlangoni na mashahidi kuniuliza, unajua ada yetu, mwanamwali hunyamaza na kimya chake ndicho jibu. Wewe ulinyamaza mpaka wakadhani umezirai. Mimi niliogopa nikinyamaza baba atamkumbuka Bwana Mbaruk. Nikasema kwa sauti, "Nimekubali, baba." Ndani wanawake walilipuka. Bi Jaha, mamake Mahadhi, alijipiga paja akasema huyu tukimdhania yuko vitabuni, kumbe chungu kilikuwa kikichemka zamani! Walipiga vigelegele mpaka nje wakasikia.

Wiki iliyopita Mahadhi alikuja kuamkia, nikamkumbusha ruhusa ya Mombasa. Aliuliza Mombasa gani. Nikamtajia mapatano yetu. Hakukasirika, dada, na hilo ndilo linaloniumiza. Alisema kwa upole kuwa habari za yule Mrusi alizichukua kuwa ni kuona haya kwangu tu, kwamba binti asiyeweza kusema anamtaka mtu ameazima kinywa cha mwingine, na kwamba siku ile ndipo aliponipenda. Kisha akasema nikaha haina mchezo, Mtume ametuambia kuwa mzaha wake pia ni kweli. Mkewe hatalala bwenini. Hesabu zangu, alisema, nitawafundisha wanetu.

Nimetafuta mlango wa kutokea sikuuona. Ningekuwa nimelazimishwa, ningekwenda kwa kadhi niseme. Lakini nitasema nini, na Mambrui nzima ilisikia sauti yangu? Na nikisema nilikusudia hila, baba ataweka wapi uso wake? Kwa hivyo ungamo langu ni hili: sikuozwa, dada. Nilijioza mwenyewe.

Jambo jingine ni kuwa kitabu kilikuwa kimenionya. Kilisema wazi kuwa ile ndoa ya jina ilikuja kuwa ndoa ya kweli, akazaa, na hesabu akaziacha miaka kadhaa. Aliporudi kwao na shahada yake hakupewa kazi ila kuwafundisha watoto wa kike kujumlisha. Mume alijiua. Yeye mwisho akawa profesa, ugenini Sweden, akafa kwa maradhi ya mapafu hata miaka arobaini na miwili hajatimiza. Kurasa hizo nilizipita upesi, kama mtu apitaye makaburini.

Mtihani ni mwezi ujao, na harusi ni wiki itakayofuata. Usimwandikie baba wala usimlaumu Mahadhi. Nisalimie shemeji, na mtoto umbusu. Mama asema ukija uje na halua.

Hapo juu nilikatiza kwa kuwa niliitwa, ndiyo sababu mwandiko umebadilika. Bi Jaha ameleta chokaa, kwani bwana harusi ataingia chumba hiki na fungate italiwa humu, sharti kiwe cheupe. Alitaka kuleta wasichana wake wapake. Nilimwambia nitapaka mwenyewe, akanisifu kuwa nimeanza kuwa mke. Nilianza upande wako. Nilipopiga mkono wa kwanza wa chokaa, makaa yalitokeza, nikaweza kusoma hesabu zote. Nikangoja ukauke, nikapiga wa pili. Sasa hazionekani. Nimeosha brashi, nimenawa, nikaja kumaliza barua.

Mdogo wako akupendaye,
Zuleikha