Makapi Yaliyozuia Chinsaga Kuota

Mjukuu wangu Kerubo,

Sisi huku Ekerenyo tu wazima. Chai inachipua vizuri, na babu yako bado anagombana na kuku.

Umeniuliza kama niliwahi kuona mpunga ukijilinda dhidi ya magugu. Niliona, nilipokuwa nimeolewa juzi tu. Shangazi aliniletea gunia la makapi ya mpunga kutoka upande wa ziwani, nami nikayatandaza juu ya kitalu cha mboga ya chinsaga ili jua lisichome mbegu. Wiki mbili zikapita, hakuna kilichoota. Nikaogopa mama mkwe atasema mwanawe ameoa mtu asiyejua shamba.

Yeye aliinama, akapapasa udongo, akasema, "Hata magugu hayajaota. Haya makapi yana dawa." Tukayahamishia kwenye migomba, tukapumzika kupalilia msimu mzima.

Leo unaniandikia kwamba dawa hiyo ina umbo, pete za kaboni zilizoshikana, na kwamba kuiunda maabarani kumekushinda mara tatu. Mjukuu wangu, mpunga huiunda ukiwa umesimama kwenye matope! Kushindwa na fundi kama huyo si aibu.

Ukifaulu, niletee kidogo. Magugu yamejaa kwenye kaburi la mama mkwe, na yeye ndiye aliyeijua kwanza.

Nyanya yako,
Bosibori