Gunia la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Desemba
Kipimo cha mvua kikavu tena. Nimemwandikia sifuri Mdachi, Mjerumani mkuu wa boma ninakofanya ukarani, nikarudi shambani kwangu. Shamba moja kubwa, mahindi tu, mistari imenyooka kama kwetu Kisarawe. Baba mkwe amesema hamwachii mke wangu Zuhura aje kufa njaa huku bara, Ugogo. Kwanza apelekewe gunia la mavuno yangu. Asipolipata mwaka huu, anataka talaka ya binti yake. Atalipata.

Alhamisi, 14 Desemba
Mvua! Kipimo kimefika nusu. Mama Madeje, mjane jirani yangu, amepanda uwele mahali patatu: hapa, chini ya kilima, na kule Zuzu. Asubuhi nzima kwa miguu, kisa kupalilia! Nimemcheka mbele yake. Hakukasirika.
"Mvua ya Ugogo haina adabu, mwanangu. Inaingia kwa jirani, kwako haipigi hata hodi."

Jumamosi, 20 Januari
Mahindi yamefika magotini. Nimemwandikia Zuhura aanze kufunga mizigo. Hapa sina wa kuongea naye mambo ya kwetu. Nikipika nasema peke yangu, sufuria inanisikiliza.

Ijumaa, 9 Februari
Sifuri. Siku ya kumi na saba. Majani yanajikunja. Upande wa Zuzu mvua inanyesha, wallahi, naiona kwa macho yangu. Hapa vumbi. Mdachi ameniuliza kama kipimo kimetoboka.

Jumanne, 12 Machi
Mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Nimeyang'oa, nimewapa ng'ombe wa Mama Madeje. Nimelia. Mtu mzima, karani wa boma! Uwele wake wa hapa umekufa pia, na wa chini ya kilima. Wa Zuzu umesimama.

Alhamisi, 23 Mei
Zuzu, siku ya tano. Niliomba ruhusa bomani nije kumsaidia Mama Madeje kuvuna. Mikono imechubuka. Leo amenipa gunia la uwele.
"Mpelekee mkweo. Mwambie umelima wewe. Nani atajua?"
Nitajua mimi.

Jumatatu, 27 Mei
Nimelipakia kwenye gari moshi. Baruani nimesema kweli. Mahindi yangu yamekufa yote. Uwele huu nimeuvuna tu, shamba ni la jirani. Ndicho chakula cha huku. Zuhura akiweza kuula, nitamlimia. Asipoweza, nitaandika talaka.

Jumapili, 23 Juni
Hakuna barua. Nakula uwele wa Mama Madeje. Nimeuzoea, ila kula peke yangu sijazoea.

Jumatatu, 15 Julai
Gunia limerudi na gari moshi. Tupu. Hakuna barua, hakuna neno la talaka. Nimeketi nalo mlangoni, nikaona uchungu. Halafu nikaligeuza. Limefuliwa. Pale panya alipotoboa pametiwa kiraka cha kanga, tayari kujazwa tena. Mshono ni wa Zuhura, naujua.
Nimelikunja, nimeliweka juu ya kitanda, upande wake. Kesho nakwenda Zuzu kuomba mahali pa kulima.